Mratibu Akizima, Nani Anafungua Maji?

Siku ya prezentesheni ya projekti yetu ya mwaka wa mwisho, laptopu ilizima. Haikuwa drama kubwa. Umeme ulikatika ukumbini, na betri ya laptopu ile ilikuwa imechoka tangu mwaka wa pili, basi, kioo kikawa cheusi. Mezani mbele ya jopo palikuwa na vibodi sita vya ESP32, kila kimoja na koki yake ya umeme na kipima unyevu kilichochomekwa kwenye kopo la udongo. Vyote vilikuwa vinakula moto wa pawabenki, pamoja na ruta ndogo, kwa hiyo vilikuwa hai kabisa. Taa zilikuwa zinawaka. Vipimo vilikuwa vinasomwa. Udongo mkavu, maji yamo kwenye ndoo juu ya stuli. Na hakuna koki hata moja iliyofunguka.

Mwanajopo mmoja, mama mtulivu ambaye hadi hapo hakuwa amesema kitu, akaviangalia vile vibodi, akatuangalia sisi, akauliza: "Hawa wengine wanasubiri nini?"

Walikuwa wanasubiri laptopu. Kwenye jalada la ripoti tulikuwa tumeandika, kwa herufi nene, kwamba huu ni mfumo wa mawakala wengi unaojipanga wenyewe. Ukweli ni kwamba tulikuwa na bosi mmoja na vibarua sita, na bosi akilala, kazi inalala. Tukaambiwa turudi tena baada ya miezi mitatu. Wenzetu wakavaa joho wakapiga picha na wazazi wao. Sisi tukarudi karakana na makopo yetu ya udongo. Mama yangu alikuwa ameshakata nauli.

Naandika haya si kwa kulialia. Naandika kwa sababu katika miezi hii mitatu nimegundua kwamba tulifeli kitu ambacho hakuna aliyetufundisha, na naona kundi la mwaka wa tatu linalokuja nyuma yetu linaelekea kwenye shimo lile lile.

Kwanza neno lenyewe. Nikisema wakala, najua akili yako imekimbilia kwenye kibanda cha miamala pale getini. Baki hapo hapo, maana mfano huo ni mzuri kuliko uliomo kwenye madesa. Wakala wa miamala ana mtaji wake, simu zake, na macho yake ya kuona foleni. Hakuna mtu wa makao makuu anayempigia kumwambia "sasa mhudumie yule mwenye begi jekundu." Akiishiwa floti hafungi duka akasubiri barua; anamtuma dogo kwa jirani na keshi akabadilishe, au anakuambia nenda kwa yule mwenye mwavuli. Siku bumu limeingia utawaona watatu wa pale getini wamegawana kazi: wawili wanatoa hela tu, wa tatu kazi yake ni kukimbia benki kuleta keshi. Jioni kila mtu karudi kibandani kwake. Hakuna kikao kilichoitishwa.

Programu-wakala ni hivyo hivyo: kipande cha programu chenye vipimo vyake, lengo lake, na uhuru wa kuchagua hatua inayofuata bila kuomba ruhusa kwa kila kitu. Viweke vingi, vizungumze, tayari una mfumo wa mawakala wengi. Kujipanga upya ni pale mfumo huo, huku kazi ikiendelea, unapobadilisha nani anafanya nini na nani anamsikiliza nani, bila fundi kuja na laptopu kuandika kodi upya.

Hoja yangu ni kwamba uwezo huo hauongezwi mwishoni kama rangi ya ukutani. Mpangilio wa kazi wenyewe, yaani vyeo vilivyopo, nani anawajibika kwa nani, nini ni marufuku, lazima uandikwe kama kitu ambacho mawakala wanaweza kukisoma na kukibadilisha. Ukiuficha ndani ya kodi umeufunga kwa kufuli. Kodi yetu ya kwanza ilikuwa na anwani ya laptopu imeandikwa kwa mkono. Baadaye tulihesabu ni mara ngapi: 11. Mara kumi na moja tulimwambia kila kibodi "mtii huyu," na hatukuwahi hata mara moja kumwambia "kuna kazi ya uratibu, na kwa sasa inafanywa na huyu." Sentensi hizo mbili zinafanana mdomoni. Kwenye mfumo, tofauti yake ndiyo ile aibu ya ukumbini.

Mwaka 1968 mwanaprogramu wa Marekani, Melvin Conway, alichapisha makala akidai kwamba taasisi inayobuni mfumo huishia kutoa mfumo wenye umbo la mawasiliano ya taasisi yenyewe. Niliposoma hilo nilitamani kuifunga kurasa. Kundi letu lilikuwa la watu watano, na kiongozi tulimwita Enjinia. Kodi yote ilikuwa kwenye laptopu yake (ndiyo, ile ile). Wiki ya tisa ya semista Enjinia akaumwa malaria, kali, akalala siku sita. Nenda katafute kundi letu la WhatsApp la wiki hiyo. "Oya, kodi vipi?" "Ngoja Enjinia apone." "Poa." Siku sita. Watu wanne wazima, wote tumefaulu programu za mwaka wa kwanza, tumekaa. Tulikuwa vibodi vinne vyenye taa zinazowaka. Tulichomletea jopo ilikuwa picha yetu wenyewe iliyopigwa kwa waya na solda.

Linganisha na msiba wowote mtaani. Kuna kazi ya daftari la rambirambi, kazi ya turubai na viti, ya kuchimba kaburi, ya jikoni. Kazi hizo zipo kabla hujajua nani atazifanya. Mwenye daftari akiitwa hospitali, daftari linabaki mezani, na anayekaa kwenye kile kiti anaendelea na mstari unaofuata kwa sababu kila mtu anajua daftari linaandikwaje. Daftari haliko kichwani mwa mtu. Hilo tu.

Sasa, kuna watu wakisikia kujipanga wanafikiria sisimizi. Siwalaumu, ni kitu kitamu. Marco Dorigo aliitumia tabia ya sisimizi kutafuta njia fupi katika tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1992, na mwaka 2014 watafiti wa Harvard walionyesha viroboti 1,024, kila kimoja kinawasiliana na majirani zake tu, vikijipanga vikaunda umbo la nyota. Ukiangalia video unasisimka. Ila mwendo wake haujaharakishwa bure: umbo moja lilichukua kama saa 12. Na kubwa zaidi, ukitaka kujua kwa nini kiroboti fulani kiko pale kilipo, hakuna pa kuuliza. Umbo wamepewa, lakini nafasi ya kila kimoja imejitokeza tu, haijaandikwa popote. Kwenye bustani ya mchicha nataka kujua nani alifungua maji saa nane usiku na kwa cheo gani. Kwa hiyo mimi niko upande wa wale wanaoandika mpangilio waziwazi. Jomi Hübner na Jaime Sichman wa Brazil, pamoja na Olivier Boissier wa Ufaransa, walitoa mwaka 2002 modeli waliyoiita Moise+, inayotenganisha mambo matatu: vyeo na mahusiano yake, malengo na jinsi yanavyogawanywa, halafu wajibu na ruhusa zinazounganisha hivyo viwili. Uzuri wake ni kwamba unaweza kugusa kimoja bila kubomoa vingine. Vyeo vinaweza kubadilika huku lengo la kumwagilia likibaki pale pale.

Basi tukaanza upya. Kila kibodi kikabeba jedwali dogo la vyeo: mratibu, mpimaji, mfunguaji. Laptopu tukaitoa kabisa. Inabaki ya kutazama tu. Kugawa kazi tukatumia utaratibu wa zabuni ambao Reid Smith aliueleza mwaka 1980: mwenye kazi anaitangaza, wanaoweza wanataja bei, anayefaa zaidi anapewa. Kwetu bei ni ukavu wa udongo. Tuta lenye kiu zaidi linashinda. Hiyo ilikwenda vizuri ndani ya siku mbili, tukaanza kujisifu mapema.

Shida ilikuwa kumchagua mratibu. Tuliazima sehemu ya uchaguzi kutoka Raft, utaratibu uliochapishwa mwaka 2014 na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Stanford, ambao waliubuni kwa makusudi ueleweke na watu wa kawaida kama mimi na wewe. Kiongozi anatuma mapigo ya moyo kila baada ya muda mfupi. Mfuasi asiposikia pigo kwa muda fulani, anajitangaza mgombea, anaongeza namba ya muhula, anaomba kura. Muda wa kusubiri unapangwa kwa bahati nasibu ili wasigombee wote kwa pamoja. Akipata zaidi ya nusu ya kura anaanza kazi. Na kiongozi wa zamani akirudi, akakuta namba ya muhula imepanda, anashuka mwenyewe bila kusukumwa. (Ningependa sana serikali ya wanafunzi iukague utaratibu huu.)

Jaribio la kwanza, vibodi vilifanya uchaguzi usiku kucha. Kwenye karatasi ya Raft muda wa kusubiri ni milisekunde 150 hadi 300, nasi tukanakili hivyo hivyo kama desa. Lakini ile ni mitandao ya seva zilizokaa chumba kimoja chenye kiyoyozi. WiFi ya karakana yetu inasuasua sekunde nzima mtu akifungua friji. Kila mara pigo likichelewa kidogo, mtu anagombea. Tulikuta asubuhi namba ya muhula imepita 4,000 na mchicha umenyauka. Mfumo ulikuwa na uwezo mkubwa kabisa wa kujipanga upya, na hicho ndicho kitu pekee uliokuwa unafanya. Tukapandisha muda hadi sekunde 8 na kuendelea. Mchicha hauna haraka ya milisekunde.

Jaribio la pili, tulizitenganisha ruta mbili makusudi ili vibodi vitatu vibaki huku na vitatu kule. Kabla hatujabana sheria ya zaidi ya nusu, kila upande ulipata mratibu wake. Presha ya tanki letu inaruhusu koki mbili tu kwa wakati mmoja; zikizidi, tuta la mwisho halipati kitu. Waratibu wawili, kila mmoja kwa uadilifu wake wote, wakafungua koki mbili mbili. Nne. Tuliporekebisha tukakutana na balaa la upande wa pili: tatu kwa tatu hakuna mwenye zaidi ya nusu, hivyo hakuna mratibu kabisa. Ndiyo maana siku hizi tuna vibodi saba. Cha saba hakina koki wala kopo. Kipo kupiga kura.

Lakini hata ukiwa na saba, kuna swali ambalo hakuna utaratibu wa kuazima unaokujibia: wakala asiposikia mtu yeyote, aamini nini? Kwamba wenzake wamekufa, au kwamba yeye ndiye mgonjwa? Usilione dogo. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilipotea kwa kama saa sita, unakumbuka, watu walidhani bando limeisha. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye. Wakati wa matengenezo ya kawaida, amri moja ilikata kwa bahati mbaya uti wa mgongo unaounganisha vituo vyao vya data. Sasa, seva zao za majina zilikuwa zimepewa sheria ya busara kabisa: ukiona huwezi kuongea na vituo vya data, jihesabu mgonjwa, acha kuitangazia dunia njia ya kukufikia, ili watu waende kwa seva nzima. Kwa seva moja inayoumwa, sheria hiyo ni safi. Siku ile zote zilishindwa kuongea na vituo kwa pamoja. Zote zikajihesabu wagonjwa. Zote zikajiondoa. Kila wakala alifanya sawasawa alichoagizwa, na ndipo kampuni nzima ikafutika kwenye ramani ya intaneti.

Ninachosoma hapo ni kwamba sheria ya kujipanga upya haipimwi kwa kuuliza "mmoja akiifuata itakuwaje?" Iulize: wote wakiifuata kwa dakika moja hiyo hiyo, itakuwaje? Sisi tuliamua kwamba kibodi kilichobaki peke yake kisijifanye mratibu wala kisijifanye maiti. Kinamwagilia tuta lake tu, dakika mbili, katika zamu ya saa iliyopangwa kwa namba yake. Namba zikitofautiana zamu hazigongani, hata kama saba wote wamepoteana. Mchicha hautanenepa, lakini hautakufa.

Halafu kuna mambo ambayo hakuna kura inayoyagusa. Tumeyaweka chini kabisa, chini ya jedwali la vyeo, na mratibu hana mkono wa kuyafikia: koki haikai wazi zaidi ya dakika kumi bila kipimo kipya cha unyevu, na kila mabadiliko ya cheo yanaandikwa kwenye kumbukumbu pamoja na sababu yake. Mfumo unaoweza kubadilisha kila kitu chake, pamoja na breki, sitaki kulala nyumba moja nao.

Supavaiza wetu, ambaye namheshimu, hakubaliani nami. Anasema: koki sita, mawakala wa nini? Nunua kompyuta moja nzuri, weka UPS, nenda kalale. Nusu ya maneno yake ni kweli, na niseme wazi kwamba kodi yetu mpya ni ndefu karibu mara tatu ya ile ya zamani na kosa ndani yake linatafutwa kwa tochi. Sitaki mfumo wa mishahara ya wahadhiri ujipange upya usiku. Kitu kidogo, kilichokaa sehemu moja yenye umeme wa uhakika, kipe bosi mmoja. Lakini hiyo sehemu yenye umeme wa uhakika iko wapi, katika kazi ambazo tutaenda kuzifanya? Visima vya vijijini, vipimo vya mafuriko, friji za chanjo kwenye zahanati, vyote viko pale ambapo mtandao kukatika ni ratiba ya kawaida. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nusu ya Afrika Mashariki ilikaa inatazama duara linazunguka kwenye simu. Ruta zilijua njia imekufa, zikatafuta nyingine. Ndiyo kazi yake. Ila njia zilizobaki zilikuwa finyu kwa mzigo ule. Kujipanga upya kunataka kuwe na cha ziada cha kujipanga nacho, na cha ziada kinagharimu: kibodi cha saba ni hela ya chakula cha siku mbili, na kila mmoja wetu kujua kodi ya mwenzake kumetula Jumamosi zote.

Sasa nije kwenye ombi langu. Kwenye fomu ya jopo kuna alama za slaidi, za mavazi, za kutunza muda. Hakuna hata alama moja kwa swali la yule mama. Matokeo yake tunajenga mifumo ya siku moja, siku ambayo kila kitu kimechomekwa na Enjinia ana afya njema. Napendekeza mwanajopo mmoja apewe haki ya kuchomoa kitu kimoja, chochote, bila kutoa taarifa, halafu akae atazame. Si ukatili. Netflix walitengeneza programu waliyoipa jina Chaos Monkey, ambayo kazi yake ni kuua seva zao wenyewe zikiwa kazini, saa za kazi, wahandisi wakiwa macho, ili ubovu ujulikane mchana na usisubiri saa tisa usiku. Na kwa kundi la wanafunzi iwe hivyo hivyo: jopo limchague mtu yeyote, si kiongozi, limwambie aeleze sehemu ambayo hakuiandika. Kwetu sisi siku ile wangetumaliza kwa dakika moja, na wangekuwa na haki.

Najua kuna atakayesema unataka kutuongezea sapu. Inawezekana. Ila mtu aliyechomolewa waya mwezi wa pili wa semista ana muda wa kubadilisha mpangilio. Aliyechomolewa siku ya jopo ana muda wa kumpigia mama yake arudishe tiketi.

Jopo letu la marudio ni wiki ya pili ya mwezi ujao, karakana ile ile, saa nne asubuhi. Vibodi saba vitakuwa mezani na udongo utakuwa mkavu. Njoo, uchague wa kuchomoa. Enjinia anaomba tu usianze na cha pili, soketi yake imelegea na bado hatujapata nyingine Kariakoo.